Mashavu na Ufa wa Bakuli la Jabali

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa tope!

Mwenye tope vidoleni?

— Asifiche mikono!

Ehee, hapo mmejibu kama watu walioshiba. Basi sogeeni. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize, maana mimi nikianza sirudi nyuma.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisalimiana na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na jabali kubwa. Juu ya jabali hilo waliishi pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene, mkia hana, masikio mafupi. Lakini mwone anavyopanda mwamba! Nyayo zake zina unyevu, zinanata kwenye jiwe. Wenzake wanapanda kwa kucha, yeye anapanda kwa nyayo.

Katikati ya jabali palikuwa na shimo pana la mviringo, wenyewe wakiliita Bakuli. Mvua ikinyesha, Bakuli linajaa. Kiangazi kikija, pimbi wanakunywa humo mpaka mvua nyingine. Hawakuwa na haja ya kushuka mtoni. Na heri yao, maana mtoni aliishi Chui, na Chui akikukaribisha chakula, jua chakula chenyewe ni wewe.

Basi pimbi wale walikuwa na desturi yao. Jioni, kabla mtoto hajaingia pangoni, mama yake anasimama mlangoni na kusema, "Onesha nyayo!" Mtoto anainua mguu huu, anainua na huu, mpaka yote minne, kisha anajibu, "Safi kama jabali!" Ndipo anaingia kulala.

Desturi hiyo haikuanza bure. Babu wa babu yao alikanyaga tope, akapanda mwamba, akateleza, akaanguka. Wazee wakasema, tope linatelezesha. Watoto wao wakasema, tope ni uchafu. Wajukuu wakasema, tope ni aibu. Ndivyo maneno yanavyokwenda, yakipita midomo mingi yanabadilika sura.

Sasa, palikuwa na mtoto mmoja wa kike, jina lake Mashavu. Mama yake ni Bi Mize. Kila jioni Bi Mize akisema "Onesha nyayo," Mashavu anatazama pembeni.

"Mashavu, nimesema nyayo!"

"Mama, leo ni kidogo tu."

Kidogo! Tope mpaka magotini, tope puani, tope nyuma ya masikio. Bi Mize anachukua majani, anamsugua mpaka ngozi inawaka, na huku machozi yanamtoka kwa hasira. "Wenzako wanawezaje? Mwana wewe unataka nionekane sijui kulea?"

Mashavu alimpenda mama yake, tena sana. Lakini kesho yake miguu inampeleka kule kule. Chini ya jabali palikuwa na kijishimo ambapo maji ya mvua hutuama, na udongo wake mfinyanzi haukaushwi hata na kiangazi. Mashavu alikuwa na haja moja tu duniani: kufinyanga bakuli lake mwenyewe, dogo, linaloshika maji kama lile kubwa la juu. Anakanda kwa miguu yote minne huku akiimba. Nanyi itikieni:

*Kanda tope, kanda!*
— Kanda!
*Kanda nikuone!*
— Kanda!
*Ukipasuka leo,*
— Kanda!
*Kesho nikushone!*

Bakuli la kwanza alilifinyanga kwa tope laini tupu, lililolainika kama uji. Likapendeza! Akalianika juani. Lilipokauka, ta! likapasuka vipande viwili. Mashavu akalia. Akalia vizuri, akamaliza, akafuta pua, akakanda lingine.

Bakuli la pili akalichanganya na mchanga. Hilo halikupasuka. Akachota maji akalitia. Likakaa kidogo, likanyong'onyea, likamwagika lenyewe miguuni pake. Hapo hakulia. Alikaa akalitazama, akasema, "Kumbe mchanga haushikani." Akakanda lingine.

La tatu nalo lina kisa chake. Pimbi wa ukoo mmoja wote hujisaidia mahali pamoja. Msicheke! Kwani nyie hamna choo? Siku hiyo Mashavu alikuwa anapanda na bonge la tope mikononi, akajikwaa, puu! akaangukia pale pale pa ukoo. Tope likajaa mavi makavu na majani waliyoyatafuna wazee. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mbavu. "Mashavu kapakwa hina ya harusi!"

Mtoto mwingine angelitupa. Mashavu, thubutu! Alikuwa amepanda na tope lake kwa taabu, halitupi. Akalifinyanga vile vile lilivyo. Akalianika juani. Likakauka, halikupasuka. Akatia maji, hayakutoka. Akangoja. Akarudi, maji yapo. Basi akalificha lile bakuli kwenye mwanya wa mwamba, kivulini, akawa akilichungulia kama mama mwenye kichanga.

Lakini jioni hiyo Jumbe Kibwana, mkuu wa pimbi, alimkuta mlangoni anasuguliwa.

"Shikamoo, Jumbe," Mashavu akasema, amejiinamia.

"Marahaba. Mtoto gani huyu ananuka choo? Bi Mize, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuanzia kesho huyu atakaa ubavuni mwangu mchana kutwa, mpaka tope limsahau."

Basi Mashavu akakaa. Akakaa juu ya jiwe safi, miguu safi, masharubu safi, na moyo umevimba. Wenzake wanapita wanamtolea ulimi.

Kiangazi mwaka ule kilikuwa kikali. Jua liliwaka mpaka jabali lenyewe likanung'unika. Mchana mmoja wakasikia kishindo, ka! Bakuli limepata ufa. Maji yakaanza kutoka ubavuni, ti, ti, ti, yanatiririka kwenye mwamba mpaka chini.

Na kule mtoni Chui akanusa. Akafuata unyevu, akafika chini ya jabali, akalamba mwamba. "Ahaa! Maji yao yanakuja kwangu. Wenye maji nao watakuja." Akakaa pale pale penye tope la Mashavu, kando kidogo asijichafue, akaanza kujilamba manyoya. Chui, mjue, hapendi doa lisilo lake.

Akaita kwa sauti ya asali, "Hodi wajomba! Maji yakiisha huko juu, shukeni tunywe wote mtoni. Mimi siku hizi nyama nimeikinai, nala matunda."

Pimbi wakarudi nyuma wakashikana. Walijua. Maji yakiisha watashuka, wapende wasipende, na Chui atawapokea mmoja mmoja.

Jumbe akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, tuzibe!"

Wakaziba kwa majani. Maji yakayasukuma, majani yakaenda zake.

Chui akaita, "Wajomba, hamjaona kiu?"

Wakaziba kwa mchanga mweupe, uliopepetwa vizuri. Mashavu akasema pale alipokaa, "Mchanga haushikani." Wakamwambia nyamaza. Maji yakaunywa mchanga wote.

Chui akaita, "Wajomba, mimi nipo tu."

Watoto wakaanza kulia kiu, maana maji yalikuwa yanagawiwa. Jumbe akakuna kichwa. Mwishowe akasema, kwa shida, neno ambalo mdomo wake haujawahi kulisema mbele za watu: "Tope. Tuzibe kwa tope. Lakini liwe tope safi!"

Hapo ndipo penye kosa lao, na kosa hilo hakuna ambaye angelifanya ila pimbi wale. Walingoja Chui aende kuwinda, wakashuka haraka, wakapandisha rundo kubwa. Wakalikalia kulisafisha. Wakachambua jani moja moja. Wakatoa kila kijiti, kila mzizi, kila takataka. Wakalikanda kwa ncha za kucha, nyuso wamegeuza upande. Likawa laini tupu kama uji.

Mashavu akashindwa kuvumilia. "Babu Jumbe, mmelisafisha mno! Litapasuka!"

"Weye mtoto! Sisi tunakuokoa na uchafu wako, na wewe unatufundisha tope?"

Wakausiriba ule ufa kwa sehemu kubwa ya rundo. Maji yakakatika. Vigelegele! Wakacheza ngoma, wakakumbatiana. Jua likapanda, tope likakauka. Ta! Likapasuka. Ti, ti, ti. Ngoma ikafa pale pale. Pimbi mmoja mzee akakaa chini akafunika uso.

Maji yaliyobaki hayakufika kisigino cha mtoto. Na chini Chui amerudi, ameshiba kidogo, ana nafasi ya kutosha.

Mashavu akasimama. Hakuomba ruhusa. Alikwenda kwenye ule mwanya wa mwamba, akatoa bakuli lake, akalibeba kwa miguu ya mbele mpaka mbele ya Jumbe. Ndani yake maji yanametameta.

"Maji haya niliyatia kabla Bakuli halijapata ufa," akasema. "Bado yapo."

Jumbe akachungulia. Akanusa. "Umetia nini humu?"

"Tope, na majani makavu, na..." Mashavu akatazama pembeni. "Na mavi yetu."

Salale! Pakawa na makelele. Huyu anatema, yule anaziba pua, mwingine anasema mtoto huyu ana kichaa. Mashavu bakuli hakuliachia.

Ndipo Bi Mize akapita katikati ya watu. Akamtazama mwanawe, zile nyayo alizozisugua kila jioni. Akachukua bakuli, akanywa funda moja mbele ya wote, akajipangusa. "Mimi mama yake nimekunywa. Anayetaka kunicheka anicheke, ila aniambie kwanza, la kwake liko wapi?"

Mikono ikashuka kutoka puani.

"Ufa unahitaji tope kama hili, tena jingi," Mashavu akasema. "Lile mlilolisafisha halitoshi, na limeshaanza kuwa gumu. Nitashuka."

"Chui yupo!" Bi Mize akamshika.

"Mama, naijua njia hata nikifumba macho. Niache niende na tope langu."

Akaenda kwenye lile tope safi lililobaki, akagaragara. Akagaragara kwenye majani makavu. Akapita na pale pa ukoo, akagaragara na hapo. Akaonekana si pimbi tena, ni bonge. Akafuta nyayo zake kwenye mwamba mkavu, nyayo tu, akashuka polepole.

Chui akasikia kitu. Akanusa. Harufu ya pimbi hakuna, ila ya choo. "Nani wewe?"

"Mimi Bonge," Mashavu akakoroma. "Nimeporomoka kutoka juu. Niguse uchafuke."

"Puu! Nikuguse nina wazimu?" Chui akageuka upande wa pili, akaendelea kujilamba.

Mashavu akajibiringisha kijishimoni, akavaa tope jipya juu ya lile la zamani, akafuta nyayo, akapanda. Bonge dogo lilishuka, bonge kubwa likapanda. Juu mama zake na shangazi zake wakamkwangua tope lile, wakamwachia kidogo la kujifunika. Akashuka tena. Chui akafumbua jicho moja, "Bado uko hapa?" "Naporomoka tena," akajibu Bonge. Chui akafumba jicho. Mashavu akapanda na mzigo wa pili.

"Yatosha, mwanangu," Bi Mize akanong'ona.

Mashavu akautazama ufa, akalitazama tope. "Halitoshi, mama." Akashuka mara ya tatu.

Sasa jua lilikuwa utosini. Tope la mwilini likaanza kukauka. Mashavu akasikia mgongoni, ta! Hakuwa ameliona hilo: kwa haraka ya kumkwangua, walimwachia lile laini tupu, bila majani. Akajibiringisha upesi, akavaa alichoweza, akageuka kupanda. Ta! tena. Gamba likamdondoka pajani, na chini yake manyoya ya pimbi, ya kahawia, safi kabisa.

Chui akafumbua macho yote mawili.

"Bonge," akasema taratibu, "tangu lini una manyoya?"

Mashavu akatimua mbio. Akaurukia mwamba, lo! miguu ikateleza. Hakuwa amefuta nyayo! Akapanda, akarudi. Akapanda, akarudi. Pumzi ya Chui anaisikia kisogoni. Kichwani mwake kukawa kweupe, hana wazo hata moja.

Mara kutoka juu ikaja sauti, ile ile ya kila jioni, kali kama siku zote. "Mashavu! Nyayo! Onesha nyayo!"

Miguu yake ikajua kabla ya kichwa. Akasugua mguu huu kwenye jiwe kavu, na huu, na huu, na huu, kama alivyosuguliwa maisha yake yote. Jiwe likamshika. Akapanda kama moshi.

Chui akaruka nyuma yake. Lakini pa kurukia palikuwa wapi? Kijishimoni. Akazamisha miguu yote minne topeni, akaruka mwambani, fyuu! Hakuwa na mama wa kumwambia afute nyayo. Akateleza, akakwaruza, akabingirika mpaka chini, akaangukia mgongo katikati ya tope. Akainuka hana doa hata moja linaloonekana. Akaona haya, akakimbilia mtoni, na njiani ngedere wakamwuliza, "Bonge, waenda wapi?" Hakurudi tena jabalini kujiita mjomba.

Juu hapakuwa na muda wa kushangilia. Mashavu akasema akihema, "Udongo uwahi ungali maji!" Akatia tope, akatia majani, akaleta na kile cha pale pa ukoo. Akaingia kukanda. Bi Mize akaingia. Watoto wakaingia. Jumbe Kibwana akasimama pembeni anauma masharubu.

"Babu," Mashavu akamwambia, "tope la kukanda kwa kucha halishiki. Linataka nyayo."

Jumbe akafumba macho, akaingia. Mguu mmoja, akaguna. Wa pili, akashtuka. Wa tatu akasema, "Kumbe ni baridi hivi!" Na wa nne, nawaambia, mzee yule alianza kuimba:

*Kanda tope, kanda!*
— Kanda!
*Ukipasuka leo,*
— Kanda!
*Kesho nikushone!*

Wakausiriba ufa. Wakangoja, hakuna aliyecheza ngoma. Jua likapanda, tope likakauka. Wakatega masikio. Hawakusikia ta, hawakusikia ti. Wakaishi kwa yale maji machache, funda kwa funda, watoto kwanza, mpaka mawingu yakaja. Mvua ikapiga, Bakuli likajaa mpaka mdomoni. Kiraka cha Mashavu hakikutoa hata jasho.

Jumbe Kibwana hakuifuta desturi. Jioni bado mama anasimama mlangoni na kusema, "Onesha nyayo!" Lakini akaiongezea. Baada ya nyayo, mtoto anaulizwa, "Na leo umefinyanga nini?"

Na jioni moja Mashavu alirudi, akainua mguu huu, na huu, mpaka yote minne. "Safi kama jabali, mama."

Bi Mize akainama akatazama. Safi kweli, hakuna hata chembe. Akampapasa shavu, akampapasa paji la uso.

"Mwanangu," akauliza kwa wasiwasi, "unaumwa?"

Basi wazazi mlio hapa, mafunzo ya hadithi hii ni haya. Mtoto anayechezea tope anasoma, na bakuli lililompasukia leo ndilo litakalokunywesha kesho. Mfundishe kufuta nyayo, usimnyime kukanyaga. Na nyie watoto mnaochekelea, mama akikuita ukaoge, nenda, maana Chui bado yupo.

Hadithi yangu nimeikanda, nimeifinyanga, nimeianika. Atakayeiona ina ufa, tope lile pale, azibe mwenyewe.